Jinsi ya kuandika wasifu wa babu Mholanzi aliyehamia Kanada

Babu aliyetoka Uholanzi akahamia Kanada baada ya Vita vya Pili vya Dunia ana maisha ya pande mbili, na familia nyingi zinaujua upande mmoja tu. Zinakumbuka shamba la kwanza kule jimbo la Ontario, ng'ombe, kanisa, lori la kwanza, bustani ya nyuma ya nyumba. Miaka 20 au 25 iliyotangulia imebaki na sentensi tatu: alizaliwa mkoa wa Friesland, vita vikaja, wakapanda meli. Siku ya msiba wasifu unasomwa na pengo hilo, na hakuna anayeliona kwa sababu wote wamelizoea.

Pengo linazibika. Uholanzi iliwaandika watu wake kwa makini sana, na sehemu kubwa ya maandishi hayo inasomeka bure mtandaoni. Wanaokwama hukwama kwa mambo matatu: wanaanza na tovuti kabla ya kabati la nyumbani, wanatafuta jina ambalo babu hakuzaliwa nalo, au wanaingilia kwenye cheti ambacho sheria ya Uholanzi bado haijakifungua kwa umma.

Tunachukua mfano wa aliyehama kati ya 1947 na 1960, kwa kuwa watoto wake wengi bado wapo na wanaweza kuulizwa. Aliyekwenda Australia au Marekani atafutwe kwa njia hiyohiyo upande wa Uholanzi; njia zinaachana baada ya meli. Msomaji wa Kenya anayewafuatilia Makaburu waliofika Uasin Gishu mwaka 1908 hatafaidika sana na mwongozo huu. Wale walitoka Afrika Kusini, na nyaraka za wazazi na mababu zao aanze kuzitafuta huko.

Anza kabatini

Kusanya kila karatasi iliyobaki nyumbani, kisha waulize shangazi, baba wadogo na wakubwa wana nini kwenye masanduku yao. Karatasi ya kutafutwa kwanza ni trouwboekje, kijitabu ambacho manispaa ya Uholanzi huwapa maharusi. Kina majina kamili ya mume na mke, tarehe na mahali walipozaliwa, mara nyingi hata majina ya wazazi wao, kisha kila mtoto aliyeandikishwa, kwa muhuri wa ofisi. Watu hukiona kidaftari kichakavu cha Kiholanzi wakakiacha chini ya picha, ilhali kinaweza kukuokoa wiki kadhaa za kutafuta.

Vingine vya kutafuta ni hivi:

- Persoonsbewijs, kitambulisho cha enzi ya ukaliaji wa Wajerumani, kilichotolewa kuanzia 1941. Kina picha na alama ya kidole.
- Zakboekje, kijitabu cha jeshi, chenye jina la kikosi na tarehe za kuitwa na kuachiliwa.
- Pasipoti yenye mihuri na kadi ya kutua Kanada. Hapo ndipo jina la meli na siku ya kufika hupatikana kwa uhakika.
- Vikadi vya msiba. Wakatoliki walikuwa na bidprentje, kikadi cha kumwombea marehemu ambacho huwekwa ndani ya kitabu cha sala. Waprotestanti walituma kadi ya tanzia kwa posta. Kikadi kimoja cha mama yake babu kinaweza kutaja kijiji, tarehe na jina lake la kuzaliwa.
- Orodha ya vitu vilivyofungwa kwenye kist, kasha kubwa la mbao la wahamiaji.

Hiyo orodha ya kasha istahi kuliko watu wanavyoistahi. Baada ya vita serikali ya Uholanzi iliwawekea wahamiaji mpaka wa fedha za kutoka nazo, kwa hiyo familia ziligeuza akiba yao kuwa vitu: vitanda, mablanketi, cherehani, baiskeli, vyombo, nguo za baridi za miaka kadhaa mbele. Ukiisoma utajua walikuwa na nini, walitarajia maisha gani, na nani alikataa kuiacha saa ya ukutani ya mama yake.

Unapoziskani karatasi hizi, picha ndogo za sentimita 6 kwa 9 ziende kwa dpi (nukta kwa inchi) 1200, kubwa zaidi dpi 600, barua dpi 400. Hifadhi kwa TIFF, halafu tengeneza nakala za JPEG za kutumiana. Barua za ndege za miaka ya 1950 zimeandikwa pande zote mbili za karatasi nyembamba mno, na wino wa nyuma huchanganyika na wa mbele. Weka karatasi nyeusi nyuma ya barua kabla ya kufunga mfuniko wa skana, maandishi yatasomeka. Skani na mgongo wa kila picha, maana muhuri wa studio hutaja mji. Picha zilizogandishwa kwenye albamu usizibandue, zitachanika. Piga picha ukurasa mzima kama ulivyo, kwa mpangilio aliouacha mwenyewe. Ukitaka kuandika jina nyuma ya picha tumia penseli laini, kwa wepesi. Kalamu ya wino hupenya hadi mbele baada ya miaka.

Tarehe zinataka uangalifu tangu mwanzo. Mholanzi akiandika 4-7-1951 anamaanisha tarehe 4 Julai. Mjukuu aliyesoma Amerika Kaskazini ataisoma kuwa Aprili 7, na kosa hilo likishaingia kwenye mti wa familia mtandaoni hunakiliwa na kila binamu. Yataje mafaili yako kwa mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, nayo yatajipanga yenyewe.

Kuwahoji waliopo

Bibi kama yu hai, ndugu za babu waliobaki Uholanzi, na mtoto wao mkubwa aliyevuka bahari akiwa na miaka sita au saba: hao ndio wa kwanza, na wa umri mkubwa atangulie. Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Iweke umbali wa sentimita 30 hivi juu ya kitambaa kilichokunjwa, ili mtikisiko wa meza usisikike, na uizime mtandao isije ikalia. Ukiwa jikoni, ngurumo ya friji itafunika sauti ya mzee, hamieni sebuleni. Saa moja inatosha kwa siku, kwa sababu baada ya hapo mzee huanza kujibu kwa kifupi ili akuridhishe.

Weka picha mezani kwanza. Ukianza na "kwa nini mlihama?" utapewa jibu alilokwisha kulitoa mara mia, kwamba walihama kwa ajili ya watoto. Anza na yanayoshikika. Shamba la baba yako lilikuwa hekta ngapi, na wana wangapi waliligombea? Nani alikamua asubuhi? Shuleni mlivaa nini miguuni? Nani aliwasindikiza bandarini na nani alikataa kuja? Nyumba ya kwanza Kanada ilikuwa na maji ndani? Sababu halisi za kuhama zitajitokeza humo. Familia nyingi za wakulima hazikuwa na ardhi ya kuwagawia vijana, nyumba zilikuwa haba baada ya vita, na serikali yenyewe iliwahimiza watu waondoke: katika hotuba yake ya mwaka mpya wa 1950, Waziri Mkuu Willem Drees alisema kwamba sehemu ya taifa inapaswa kuthubutu kutafuta maisha katika nchi kubwa zaidi.

Wazee wengi hurudi kwenye lugha ya utotoni wakikaribia mwisho, iwe Kiholanzi, Kifrisia au Kilimburgi. Usimkatize ili aseme Kiingereza. Acha irekodiwe, mtafsiri atapatikana baadaye. Na umwandike kwa jina ambalo wajukuu walimwita: wengi watakuwa na opa na oma, lakini wa Friesland watakuwa na pake na beppe.

Jina alilozaliwa nalo

Hapa ndipo utafutaji mwingi hufia. Jan aligeuka John, Hendrik akawa Henry, Gerrit akawa Gary, Cornelis akawa Casey au Neil. Herufi ij iliandikwa y, Dijkstra akawa Dykstra. Van der Meer yakaunganishwa yakawa Vandermeer. Mara nyingi mabadiliko hayo yaliletwa na mwajiri, mwalimu au babu mwenyewe polepole. Ile hadithi ya ofisa wa bandarini aliyembadilisha mtu jina ipuuze, kwa kuwa maofisa walifanya kazi kwa orodha zilizoandikwa tangu safari inaanza.

Katika nyaraka za Uholanzi, van, de na van der havihesabiwi kwenye mpangilio wa alfabeti. Van der Meer hukaa kwenye M, de Vries kwenye V. Kanada atakaa kwenye V na D. Tafuta kote kuwili.

Mwanamke wa Kiholanzi huandikwa kwa jina lake la kuzaliwa maisha yake yote, hata kwenye cheti cha kifo. Bibi aliyejulikana Ontario miaka 50 kwa jina la mumewe hutampata kamwe kwa jina hilo katika kumbukumbu za Uholanzi. Ukijua hilo utafurahi, kwa sababu ukoo wa upande wa akina mama unafuatika kwa urahisi kama wa akina baba.

Jambo la mwisho ni desturi ya kurithishana majina. Mwana wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na mabinti walipewa majina ya mabibi. Mtoto akifariki, anayefuata wa jinsia hiyo alipewa jina lilelile. Matokeo yake kijiji kimoja kinaweza kuwa na binamu wanne wa jina moja, ukoo mmoja, waliopishana miaka miwili. Usimchukue mtu kuwa babu yako mpaka umelinganisha vitu vitatu: tarehe ya kuzaliwa, jina la baba, na jina la kuzaliwa la mama.

Nyaraka za Uholanzi

Uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo ulienea nchi nzima mwaka 1811, chini ya Napoleon. Mikoa ya Limburg na sehemu za Zeeland ilitangulia. Hufunguliwa kwa umma kwa ngazi: kizazi baada ya miaka 100, ndoa baada ya 75, kifo baada ya 50. Babu aliyezaliwa 1928 atafunguka 2029. Watu hutafuta jina lake, hawalioni, wakadhani kumbukumbu ziliungua vitani.

Pita kwa wazazi wake. Kama walioana 1925, ndoa yao iko wazi, na hati ya ndoa ndiyo iliyoshiba kuliko zote: ina umri, kazi na mahali walipozaliwa bwana na bibi harusi, pamoja na majina na kazi za wazazi wao wanne. Ingia tovuti ya WieWasWie au OpenArchieven, zenye majina kutoka hati hizo, andika jina la ukoo la baba yake babu pamoja na jina la kuzaliwa la mama yake. Majina mawili ya ukoo yakikaa pamoja hupunguza matokeo kutoka maelfu hadi machache. Kisha fungua picha ya hati yenyewe usome, usitosheke na muhtasari, maana muhtasari huandikwa na wanaojitolea na huacha kazi na sahihi. Pale "landbouwer" ni mkulima mwenye shamba lake au la kukodi, "arbeider" ni kibarua, "boerenknecht" ni kijana wa kazi kwenye shamba la mwingine. Tofauti ya maneno hayo inaeleza kwa nini mtoto alivuka bahari.

Ukiweza pata pia huwelijksbijlagen, karatasi zilizoambatishwa na ndoa. Humo hukaa nakala za vyeti vya kuzaliwa, cheti cha kutimiza wajibu wa jeshi, na vyeti vya vifo vya wazazi waliokwisha kufariki. Hati za vifo za Uholanzi hazitaji sababu ya kifo, kwa hiyo usipoteze muda kuisaka humo.

Kwa karne ya 20 chombo cha maana ni persoonskaart, kadi ya mtu mmojammoja iliyotumika nchi nzima kuanzia 1939 hadi 1994. Ina anwani zote kwa mfululizo, kazi, ndoa na watoto. CBG, kituo cha historia ya familia kilichoko The Hague, hutoa nakala za kadi za waliofariki Uholanzi katika miaka hiyo, kwa ada. Babu aliyefia Kanada hayumo, lakini baba yake aliyebaki yumo, na kadi ya baba itamtaja babu miongoni mwa watoto na kukuonyesha nyumba walizohamahama. Tunashauri iombwe mapema, kwa kuwa inachukua siku kadhaa na majibu yake huelekeza utafutaji mwingine wote.

Ukipata kijiji, kifuate kilipo sasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 Uholanzi ilikuwa na manispaa zaidi ya 1,000. Tangu 2023 zimebaki 342. Vitabu vya kijiji kilichomezwa viko kwenye hifadhi ya nyaraka ya eneo, pengine mji wa pili au wa tatu kutoka hapo. Na usikate tamaa ukisikia hifadhi iliungua, kama ile ya Middelburg mnamo Mei 1940: vitabu vya vizazi, ndoa na vifo viliandikwa nakala mbili zilizotunzwa mahali tofauti.

Fungua kisha tovuti ya Topotijdreis, ramani za Uholanzi mwaka kwa mwaka kwa karne mbili. Andika kijiji, sogeza mwaka hadi 1935. Utaona mifereji, reli, njia ya shule, na mara nyingine nyumba yenyewe ya shambani kabla ya barabara kuu kuikata. Kwa magazeti tumia Delpher, mkusanyiko wa bure wa Maktaba ya Taifa, wenye tanzia, matangazo ya ndoa na minada ya mashamba. Mnada wa vifaa vya shamba uliotangazwa miezi miwili kabla ya meli kuondoka ni ushahidi mzuri kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Ukipanga kwenda kuzuru makaburi, uliza kwanza. Uholanzi kaburi hulipiwa kwa muda, na haki hiyo isipolipiwa tena kaburi huweza kufukuliwa baada ya miaka 10 au zaidi. Familia husafiri kutoka Toronto na maua mkononi wakakuta mahali pa babu mkuu amezikwa mwingine. Andikia ofisi ya makaburi ya manispaa au kanisa, ukitaja jina la kuzaliwa na mwaka wa kifo, kabla ya kukata tiketi.

Miaka ya vita na kimya chake

Sehemu hii iendewe pole, ila isirukwe. Pima kila simulizi kwa mahali na tarehe. Njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, iliyoua watu wapatao 20,000, ilikuwa ya miji ya magharibi: Amsterdam, Rotterdam, The Hague, Leiden, Haarlem. Maastricht ilikwisha kukombolewa Septemba 1944. Mtu wa Maastricht anayesemekana alikula vitunguu vya tulipu wakati wa njaa hiyo pengine alisimuliwa na mkewe aliyetoka Haarlem, na familia ikaunganisha hadithi mbili.

Wanaume Waholanzi wapatao nusu milioni walipelekwa Ujerumani kufanya kazi za kulazimishwa. Mjini Rotterdam na Schiedam, tarehe 10 na 11 Novemba 1944, Wajerumani walikamata wanaume zaidi ya 50,000 wa miaka 17 hadi 40 kwa siku mbili. Kama babu alikuwa na umri huo na mahali hapo, tafuta jina lake katika Arolsen Archives za Ujerumani. Ni bure, na kadi za viwandani na kambini zimewekwa mtandaoni. Andika jina lake kwa namna tofautitofauti, kwa sababu makarani wa Kijerumani waliandika walivyosikia.

Mzaliwa wa miaka ya 1925 hadi 1929 akiwa na pengo kati ya 1946 na 1950, uliza kuhusu Indonesia, iliyokuwa koloni la Uholanzi. Uholanzi ilipeleka huko wanajeshi zaidi ya 100,000 kupigana na waliotangaza uhuru, na wengi wao walihama nchi mara tu waliporudi. Utafiti mkubwa uliogharimiwa na serikali na kutolewa Februari 2022 ulieleza kwamba jeshi la Uholanzi lilitumia ukatili uliopita kiasi kwa mpango, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mark Rutte, akaomba radhi. Ndiyo maana wazee hao hawakusimulia. Andika kikosi, meli, tarehe na mahali alipokaa, kwa kadiri zakboekje inavyosema. Usimtetee kwa usilolijua wala usimhukumu kwa usilolijua.

Kadhalika kuhusu walioshukiwa kushirikiana na Wajerumani. Tangu Januari 2025 majina yapatayo 425,000 yaliyomo katika mafaili ya mahakama maalumu za baada ya vita yanatafutika mtandaoni. Jina kuwamo halina maana ya hatia: ni kama mmoja kwa watano tu aliyefikishwa mbele ya mahakama, na wengine walichunguzwa kwa chuki ya jirani. Ukilikuta jina la babu, faili lenyewe lisomwe Nationaal Archief, hifadhi ya nyaraka ya taifa huko The Hague, kabla ya neno lolote kuandikwa au kuambiwa wajukuu.

Meli

Safari za wakulima kwenda Kanada zilianza Juni 1947 kwa meli Waterman. Hiyo na dada zake wawili, Groote Beer na Zuiderkruis, zilikuwa meli za mizigo za Kimarekani za wakati wa vita zilizogeuzwa za abiria, zenye mabweni ya wanaume na ya wanawake mbalimbali. Wengine walisafiri kwa meli za kampuni ya Holland-Amerika Lijn, kama Veendam na Volendam. Kutoka Rotterdam hadi Halifax ilikuwa siku 8 hadi 10. Kumbukumbu za Holland-Amerika Lijn, zikiwemo orodha za abiria, ziko Stadsarchief Rotterdam, hifadhi ya nyaraka ya mji huo.

Ukijua meli na mwezi, rudi Delpher: magazeti yalichapisha kila siku meli za Kiholanzi zimefika wapi baharini. Unaweza kuandika safari yote siku kwa siku. Na hapa ndipo hadithi za sababu hupimwa. Familia nyingi husema babu alikimbia mafuriko makubwa ya usiku wa tarehe 31 Januari 1953, yaliyoua watu 1,836 Uholanzi, hasa Zeeland. Kama kadi yake ya kutua inasema 1952, hakukimbia mafuriko. Yeye alikuwa Kanada akisubiri telegramu kujua nani amepona. Hiyo ni sura nyingine kabisa, na ni nzito zaidi.

Upande wa Kanada

Wengi walishukia Pier 21 mjini Halifax, bandari iliyopokea wahamiaji kuanzia 1928 hadi 1971 na sasa ni jumba la makumbusho ya uhamiaji. Jumba hilo lina kituo cha historia ya familia kinachosaidia watafutaji na kina picha za meli. Toka hapo wahamiaji walipanda treni, siku mbili hivi hadi Ontario, kwenda kwa mkulima aliyewadhamini. Mpango wa Uholanzi na Kanada wa 1947 ulitaka mkulima wa Kanada awe tayari na kazi na nyumba. Kwa hiyo tafuta jina la mdhamini: limo kwenye barua za mwaka wa kwanza, au kwenye kumbukumbu za kanisa, kwa kuwa makanisa yalikuwa na watu wao wa kupokea wahamiaji na kuwapangia mashamba.

Orodha za abiria za kabla ya 1936 ziko wazi katika Library and Archives Canada. Za baadaye zinashikwa na wizara ya uhamiaji, IRCC. Ombi lifanywe na raia au mkazi wa Kanada, na liambatane na idhini ya mhusika au uthibitisho kwamba amefariki miaka 20 au zaidi iliyopita. Tanzia ya gazeti au picha ya jiwe la kaburi hukubaliwa. Kama ndugu wote wa karibu wako nje ya Kanada, mwombeni mkazi mmoja awaombee. Andika majina yote aliyotumia, tarehe ya kuzaliwa, meli na mwaka. Ombi lenye jina la "John" peke yake litarudi bila kitu.

Uraia wa tajnisi uliwezekana baada ya miaka mitano ya ukaazi. Aliyefika 1951 tafuta kuanzia 1956. Tarehe hiyo iwekwe kwenye wasifu, kwani siku hiyo aliacha kuwa Mholanzi kisheria, na wapo walioahirisha miaka mingi kwa sababu hiyo.

Kuandika

Kabla ya kuandika sentensi, chora jedwali la safu nne: tarehe, mahali, tukio, na umejuaje. Safu ya nne ndiyo yenye kazi. Ingiza humo "hati ya ndoa", "barua ya Mei 1953", "shangazi, kwa mdomo". Mambo mawili yakipingana, yaache yote mawili kwenye jedwali mpaka karatasi iamue. Katika wasifu, lililo na hati liseme wazi. La mdomo lianze na "nyumbani husimuliwa kwamba". Msikilizaji haudhiki na maneno hayo, na binamu mwenye simulizi tofauti hatasimama kukupinga katikati ya msiba.

Wasifu wa kusomwa msibani uwe na maneno 700 hadi 800, dakika saba kwa mwendo wa utulivu. Gawa sawa: nusu kabla ya meli, nusu baada. Ukijikuta umetumia aya moja Uholanzi na sita Ontario, rudi jedwalini. Acha vinu vya upepo, viatu vya mbao na tulipu kama havimo katika maisha yake. Mtoto wa mchimba makaa wa Limburg huenda hakuwahi kulima ua lolote. Mkisoma kwa lugha mbili, kama kwa familia ya Kitanzania na Kiholanzi iliyoko Toronto, usitafsiri sentensi kwa sentensi, watu watachoka. Soma nusu ya kwanza kwa lugha moja na ugawe karatasi ya lugha ya pili mlangoni.

Kijitabu cha wajukuu kina nafasi zaidi. Ukubwa wa A5 uliobanwa kwa pini katikati hutaka idadi ya kurasa inayogawanyika kwa nne. 48 zinatosha familia nyingi, na zikizidi 64 kijitabu hakilali vizuri. Herufi ziwe za pointi 11, za wazee 13. Weka angalau barua moja nzima, picha ya mwandiko wake ukurasa wa kushoto na tafsiri kulia. Barua alizopelekewa ziko kwenu. Alizoandika yeye ziko Uholanzi kwa watoto wa ndugu zake, na hizo ndizo zenye habari za Kanada ya siku za mwanzo. Waandikie, watumie picha za kwao ulizonazo, kisha waombe waskani za kwao.

Walio hai usiandike tarehe zao kamili za kuzaliwa wala anwani. Mambo ya ndoa zilizovunjika na watoto wa nje yaulizwe kwa wenyewe kwanza, kwa maandishi. Mafaili yakae nakala tatu: kompyuta, diski ya nje, na nyumba ya ndugu wa mji mwingine. Karatasi asilia ziingie kwenye bahasha zisizo na asidi, pasipo pini za chuma wala mipira, mbali na dari na chini ya nyumba ambako unyevu na joto hubadilika. Kama hakuna wa kuzitunza, Heritage Hall ya Calvin University huko Grand Rapids, Michigan, hukusanya nyaraka za Waholanzi wa Amerika Kaskazini, na hifadhi ya nyaraka ya mkoa alikozaliwa inaweza kupokea barua za mhamiaji. Zipeleke pamoja na ukurasa mmoja wenye majina kamili, tarehe, meli na kijiji, la sivyo barua zitapokelewa na hakuna atakayejua ni za nani.